Bomba la moshi la tanuru la gesi: mahali pa kulitoa nje ya nyumba, hatua kwa hatua

Baridi ikianza tu, maswali ninayopata kutoka kwa wenzetu wenye nyumba huku Marekani na Kanada huwa ni yale yale. Tanuru jipya linawaka kidogo kisha linajizima lenyewe. Barafu imejijenga ukutani juu ya mita ya gesi. Mkaguzi wa mji ameikataa kazi na fundi hapokei simu. Jirani analalamika kwamba mvuke unaingia dirishani kwake. Nikienda kuangalia, mara nyingi tanuru lenyewe ni zima. Ubovu uko nje, pale mabomba mawili meupe yanapochomoza ukutani. Yametolewa mahali palipokuwa karibu na tanuru, na hakuna aliyejiuliza pale patakuwaje theluji ikijaa na upepo ukivuma.

Basi shika hilo katika hatua zote zinazofuata: pima kwa kuwazia siku mbaya kuliko zote za mwaka, usipime kwa kuangalia ukuta ulivyo mwezi wa Septemba.

Mwongozo huu ni wa matanuru yenye ufanisi wa asilimia 90 na kuendelea, yale yanayotoa moshi kwa bomba la plastiki kupitia ukutani. Kama lako ni la asilimia 80, lenye bomba la chuma linalopanda hadi juu ya paa, usijaribu kuligeuza litoe moshi ukutani kwa plastiki. Moshi wake ni wa moto mno kwa plastiki na utaiharibu.

Kuchagua na kupima mahali unaweza mwenyewe, na nakusihi ufanye hivyo hata kama umeajiri mtu. Kuunganisha gesi na kuwasha tanuru mara ya kwanza mwachie fundi mwenye leseni. Ontario, kwa mfano, kazi hiyo ni ya mafundi wenye cheti, chini ya kampuni iliyosajiliwa na TSSA, mamlaka ya usalama wa mitambo ya jimbo hilo. Kibali cha mji nacho usikiruke. Nyumba ikiungua au mtu akidhurika, bima itauliza kibali kabla ya kuuliza jina lako.

## Moshi huu una nini hasa

Gesi ikiungua vizuri hutoa mvuke wa maji na kaboni dioksaidi. Isipoungua vizuri huongeza kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ni hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani kule kwetu nyanda za baridi. Hapa inatoka kwenye bomba usiloliona ukiwa kitandani.

Mwezi wa Januari 2005, mjini Plymouth, Massachusetts, msichana wa miaka 7 alifariki baada ya theluji kuziba mdomo wa bomba la moshi la nyumba yao. Mwaka huo huo jimbo likapitisha sheria ya kuweka kengele za kaboni monoksaidi majumbani. Hakukuwa na haja ya mtambo kupasuka wala bomba kukatika. Theluji ilitosha.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Tanuru la ufanisi mkubwa hunyonya joto nyingi kiasi kwamba moshi unatoka ukiwa vuguvugu na umejaa unyevu. Moshi wa moto hupaa na kupotea. Huu wa vuguvugu hutambaa ukutani, huzunguka kona, na popote unapogusa baridi huacha maji, kisha barafu. Ndiyo maana umbali wa kila kitu umewekewa kipimo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoboa chochote

- Kitabu cha ufungaji cha tanuru lako, cha modeli hiyo hiyo. Kikipotea, andika namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko ndani ya mlango wa tanuru ukitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.
- Namba ya BTU (kipimo cha joto) kwa saa, ile ya gesi inayoingia. Nayo iko kwenye kibandiko hicho.
- Tepu ya kupimia, pimamaji, chaki au tepu ya rangi ya kuweka alama ukutani.
- Mabomba na viungio vya aina iliyotajwa kitabuni, pamoja na praima na gundi yake. Kanada mabomba ya moshi ya plastiki lazima yawe na alama ya ULC S636, na bomba, viungio, praima na gundi vyote viwe vya mtengenezaji mmoja.
- Vishikizo vya bomba, silikoni ya nje, na drili yenye kisu cha kutoboa tundu la duara.
- Kengele za kaboni monoksaidi, moja kwa kila ghorofa na moja karibu na vyumba vya kulala. Hizi funga leo, kabla ya kazi yenyewe.

Usinunue bomba lolote jeupe uliloliona dukani kwa sababu ni la bei nafuu. Lile lenye kiini cha povu, ukilikata unaona katikati pamejaa vitundu vidogo, limekatazwa na baadhi ya vitabu kutumika kwa moshi.

## Hatua ya 1: Jua kama tanuru lako ni la bomba moja au mawili

La mabomba mawili huvuta hewa ya kuchomea kutoka nje na kutoa moshi nje. Halitumii kabisa hewa ya ndani ya nyumba. La bomba moja hutoa moshi nje, lakini hewa ya kuchomea huichukua chumbani au kwenye besimenti.

Hii si habari ya kupita tu. Umbali kutoka dirishani unatofautiana kati ya hayo mawili, na lile la bomba moja lina masharti makali zaidi. Kama bado hujanunua, chagua la mabomba mawili. Besimenti za huku zimezibwa vizuri, zina mashine ya kukaushia nguo na feni za bafu zinazonyonya hewa, na tanuru la bomba moja linagombania hewa hiyo hiyo.

Umefanikiwa: unaweza kuonyesha kwa kidole bomba la moshi ni lipi na la hewa ni lipi. La moshi, tanuru likiwaka, lina uvuguvugu ukiligusa.

## Hatua ya 2: Fungua kitabu kwenye mchoro wa nyumba

Karibu kila kitabu kina ukurasa wenye mchoro wa nyumba iliyozungukwa na herufi: A, B, C na kuendelea. Chini yake kuna jedwali lenye safu mbili za vipimo, moja ya Kanada na nyingine ya Marekani. Ukurasa huo ndio kazi yote. Upige picha, uuchapishe, uende nao nje.

Vipimo vya Marekani vinatokana na kanuni iitwayo NFPA 54, vya Kanada na CSA B149.1. Mji wako unaweza kuongeza masharti yake juu ya hizo. Kitabu kikisema futi 1 na mji ukasema futi 3, fuata futi 3. Siku zote chukua umbali mkubwa kati ya hivyo vitatu: kitabu, kanuni ya nchi, sharti la mji.

Piga simu ofisi ya majengo ya mji kabla ya kutoboa, uulize maswali mawili tu. Je, mna masharti ya ziada kuhusu bomba la moshi la tanuru linalotoka ukutani? Na kimo cha theluji mnachotumia kupimia ni kipi?

## Hatua ya 3: Weka alama ya kila tundu la ukuta

Toka nje na chaki. Zunguka ukuta unaofikiria kutumia, na kuta za pembeni pia, ukiweka alama kwenye kila kitu: madirisha yanayofunguka, milango, mita ya gesi na regyuleta yake (kifaa kinachodhibiti presha ya gesi), mita ya umeme, tundu la mashine ya nguo, matundu ya hewa yaliyo chini ya ukingo wa paa, deki, ngazi na njia ya miguu. Angalia na upande wa jirani.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni kiingizio cha hewa chenye feni, kile cha mashine ya kubadilisha hewa ya nyumba ambacho nyumba nyingi mpya za Kanada zinacho. Kwa nje kinafanana na tundu la mashine ya nguo, ni kikofia kidogo tu ukutani. Washa mashine, shika kipande cha karatasi laini mbele ya kila kikofia. Kinachovuta karatasi ndicho kiingizio. Moshi ukifika hapo, feni itausambaza hadi chumba cha watoto.

Umefanikiwa: una mchoro au picha ya ukuta ambayo kila tundu lina jina.

## Hatua ya 4: Pima, ukianza na vitu vya hatari

Madirisha na milango. Kwa tanuru la mabomba mawili linalozidi BTU 50,000 kwa saa, Marekani inataka angalau inchi 12 (sm 30) kati ya mdomo wa moshi na uwazi wowote wa nyumba. Kanada ni inchi 12 kwa matanuru ya zaidi ya BTU 10,000 hadi 100,000, na inchi 36 (sm 91) yakizidi hapo. Tanuru la bomba moja, kwa Marekani, linataka mdomo uwe futi 4 chini ya dirisha, au futi 4 pembeni yake, au futi 1 juu yake.

Nasema wazi kwamba inchi 12 hainitoshi. Ni rula ya shule. Kanuni inakuambia kima cha chini, na mkaguzi huenda asikudai zaidi, lakini dirisha la chumba cha kulala mimi huliachia futi 3 au zaidi ukuta ukiruhusu.

Kiingizio cha hewa chenye feni. Kanada: futi 6 (mita 1.8). Marekani, kama kiko ndani ya futi 10 kutoka kwenye mdomo wa moshi, mdomo uwe juu yake kwa futi 3 au zaidi. Hapa usitafute njia ya mkato.

Mita ya gesi na regyuleta. Regyuleta ina kitundu cha kupumulia. Unyevu wa moshi ukigandia hapo, kitundu kinaziba, na presha ya gesi inayoingia nyumbani haidhibitiwi tena sawasawa. Zaidi ya hayo, kitundu hicho kinaweza kutoa gesi mbichi pale regyuleta inapopata hitilafu. Kwa Marekani weka futi 4 pembeni ya mita za gesi, mita za umeme na regyuleta, na ndani ya umbali huo usiwe juu wala chini yake. Kanada inataka futi 3 kila upande wa mstari wa katikati ya mita, kupanda hadi kimo cha futi 15. Ukiona kazi ambayo barafu imefunika regyuleta, usiigonge kwa nyundo. Ipigie kampuni ya gesi.

Njia za watu. Usitoe moshi juu ya njia ya umma ya miguu. Ukiwa kandokando yake, mdomo uwe futi 7 juu. Maji yanayodondoka yanaganda, mtu anateleza, na wewe ndiye utakayeshtakiwa. Kanada pia hairuhusu mdomo uwe moja kwa moja juu ya kijia cha lami au zege kilicho kati ya nyumba mbili na kinachotumiwa na zote mbili.

Deki na baraza. Kanada inaruhusu chini ya deki ikiwa tu chini ya sakafu yake pako wazi kabisa pande mbili au zaidi, na mdomo uko inchi 12 chini ya mbao. Ushauri wangu ni mfupi: usiweke chini ya deki. Mwaka ujao mtu atazungushia mbao ili kuficha baiskeli, na hatakumbuka bomba.

Matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa. Moshi wenye unyevu ukiingia humo unapanda darini. Baada ya misimu michache mbao za paa zinaota ukungu, na mwenye nyumba anamlaumu fundi wa paa.

Kona ya ndani. Pale kuta mbili zinapokutana na kufanya kipembe, upepo huzunguka na kurudisha moshi ulikotoka. Kaa mbali na kona kadiri kitabu kinavyosema, na ongeza kama unaweza.

Mashine ya kukaushia nguo. Hii inahusu zaidi bomba la kuvuta hewa. Nyuzi za nguo huziba bomba, na mvuke wenye klorini ya dawa za kufulia ukiingia kwenye moto hugeuka asidi inayokula chuma cha ndani ya tanuru. Bomba la kuvuta lisikae karibu na tundu hilo, wala karibu na banda unalohifadhi dawa za bwawa la kuogelea.

Umefanikiwa: una angalau duara moja la chaki ukutani ambalo limepita vipimo vyote. Kama hakuna hata moja, badilisha ukuta, au toa bomba juu ya paa. Njia ya paa inataka bomba refu zaidi, na sehemu inayopita kwenye dari lisilo na joto ivalishwe sponji ya kuzuia baridi, lakini inakuepusha na mambo mengi ya hatua hii.

## Hatua ya 5: Simamisha theluji kichwani mwako

Kanuni inasema inchi 12 juu ya ardhi, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Inchi hizo zinahesabiwa kutoka juu ya theluji inayotarajiwa, mahali penye theluji. Kama kwenye ukuta huo theluji hujaa hadi inchi 24, mdomo wa bomba uwe inchi 36 juu ya ardhi, la moshi na la hewa pia.

Tena usichukue namba ya mji ukaridhika. Namba ile ni ya theluji iliyoanguka sawasawa. Kwako haianguki sawasawa. Muulize jirani aliyekaa hapo miaka mingi: upepo unairundika wapi? Theluji ya paa inateleza na kuangukia wapi? Wewe mwenyewe, ukisafisha njia ya gari, koleo lako huitupa upande gani? Nimeona bomba lililofungwa kwa kimo sahihi kabisa, halafu mwenye nyumba akawa analizika kila asubuhi kwa mashine yake ya kurusha theluji.

Upepo una mtego wake. Ukuta unaokabili upepo wa baridi, ambao Minnesota na majirani zake mara nyingi hutoka kaskazini-magharibi, husukuma hewa ndani ya mdomo wa bomba. Feni ndogo ya tanuru inashindwa kutoa moshi, swichi ya presha inakatika, tanuru linazima saa tisa usiku. Basi unakimbilia ukuta uliojificha. Lakini upande uliojificha ndiko theluji inakotua na kurundikana. Hakuna ukuta usio na lawama. Mimi huchagua uliojificha na kumaliza tatizo la theluji kwa kimo, kwa sababu kimo naweza kukiongeza na upepo siwezi kuugeuza.

Kama bomba linatokea chini sana, juu kidogo tu ya msingi, vitabu vingi vinaruhusu lipandishwe kwa nje kwa elbo mbili (viungio vya kona) na kipande kilichosimama. Angalia urefu unaoruhusiwa, funga vishikizo ukutani, na livalishe sponji kama kitabu kinavyotaka, la sivyo moshi utaganda ndani ya bomba kabla haujatoka.

## Hatua ya 6: Panga mabomba mawili yasinyweshane moshi

Mabomba yote mawili yatoke ukuta mmoja. Ukitoa la moshi kaskazini na la hewa mashariki, upepo utasukuma moja na kunyonya jingine, na moto wa tanuru hautatulia.

Tena yasiwe yamebanana kiholela. Mdomo wa moshi uelekee nje moja kwa moja, uwe juu zaidi au umechomoza zaidi ukutani. Bomba la hewa lipewe elbo iangalie chini, mvua isiingie. Nafasi kati yake iko kitabuni, na modeli moja haifanani na nyingine. Ukitaka kujirahisishia, nunua kifaa cha mtengenezaji chenye mabomba mawili yaliyowekwa moja ndani ya jingine. Tundu ni moja na vipimo vimekwishapangwa.

Dalili ya makosa hapa unaiona kwa macho. Ukitoka asubuhi ya baridi kali ukakuta midomo ya bomba la hewa imeota nywele nyeupe za barafu, ndefu kama kucha, ujue tanuru linakunywa moshi wake. Hewa safi ya baridi haina unyevu wa kuotesha barafu namna hiyo. Tanuru la namna hii huungua vibaya, huliwa na kutu ndani, na hutoa kaboni monoksaidi zaidi kadiri siku zinavyokwenda.

Usigeuze mdomo wa moshi uangalie chini "ili usiingie maji". Moshi utagonga ardhi na kurudi ukutani. Wala usifunge wavu mwembamba kuzuia ndege, isipokuwa ule wa mtengenezaji: unyevu hugandia kwenye nyuzi na kufunga mdomo usiku mmoja.

## Hatua ya 7: Toboa na unganisha

Angalia kwanza ndani ya ukuta hakuna waya wala nguzo. Toboa tundu dogo la majaribio kutoka ndani, toka nje uone limetokea kwenye chaki yako, ndipo utoboe la duara.

Mteremko ndio usiosamehe. Bomba la moshi liinamie ndani, kuelekea tanuruni, inchi robo kwa kila futi (sm 2 kwa mita). Bomba la futi 10 lina tofauti ya inchi 2.5 kati ya mwisho na mwisho. Maji yanayotokana na mvuke hurudi tanuruni na kutoka kwenye mpira wake wa kumwagia. Ukiinamisha nje, yatadondoka mdomoni na kuganda. Ukiacha sehemu imelegea katikati, maji yatatuama hapo na kuziba njia ya moshi.

Hesabu elbo. Kitabu kinatoa urefu wa juu kabisa wa bomba, na kila elbo inakata sehemu ya urefu huo. Usipunguze kipenyo ili kupita mahali pembamba.

Panga vyote vikavu kwanza, pima mteremko, weka alama, ndipo upake praima na gundi. Praima ya zambarau haipendezi, lakini wakaguzi wengi hutafuta rangi hiyo kwenye kila kiungio. Ziba pengo la ukutani kwa silikoni nje na ndani.

## Hatua ya 8: Kama tanuru la zamani lilitumia dohani

Soma hii hata kama unadhani haikuhusu. Nyumba nyingi za zamani tanuru na mtungi wa maji moto vilishirikiana dohani moja ya matofali. Tanuru jipya likihamia ukutani, mtungi unabaki peke yake kwenye dohani pana. Moshi wake mdogo unapoa kabla ya kufika juu, unageuka maji, matofali yanaoza, na siku nyingine moshi unarudi besimenti.

Mwambie fundi apime mvuto wa dohani na mtungi ukiwaka peke yake, huku feni za nyumba zimewashwa na milango imefungwa. Mara nyingi dawa ni kuingiza bomba la chuma jembamba zaidi ndani ya dohani. Gharama hiyo iwe kwenye bei ya kazi tangu mwanzo. Wakandarasi wa bei ya chini ndipo wanapoiachia nje.

## Hatua ya 9: Jaribu, usiamini kwa macho tu

Subiri siku ya baridi. Washa tanuru, liache liwake robo saa, kisha toka nje uangalie mvuke mweupe. Unapaswa kuuona ukitoka kwa nguvu na kuondoka ukutani. Ukirudi kwenye bomba la hewa, dirishani, au ukipanda kuingia chini ya paa, mahali pamekosewa bila kujali tepu ilisema nini.

Angalia ndani: mpira wa maji unadondosha, viungio vikavu, taa ndogo ya tanuru haipepesi namba ya kosa. Maana ya kila mpepeso imebandikwa ndani ya mlango.

Mwombe fundi aingize kipimo chake cha moshi kwenye bomba la kuvuta hewa huku tanuru likiwaka. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Ikisoma chini ya hapo, moshi unarudi. Fundi asiye na kipimo hicho hajamaliza kazi.

Na usitegemee kengele kama kipimo. Kengele za kawaida za Marekani zimetengenezwa kulia baada ya saa 1 hadi 4 kwenye sehemu 70 kwa milioni, na ndani ya dakika 4 hadi 15 kwenye 400. Kiasi kidogo kinaweza kukuumiza kichwa wiki nzima ikiwa kimya. Nunua yenye kioo cha namba, na uitake isome 0. Familia nzima ikiumwa kichwa na kichefuchefu mkiwa nyumbani, na mkitoka mnapona, hiyo si mafua.

Kengele ikilia, tokeni wote kwanza, hesabuni watu, ndipo mpige 911 mkiwa nje. Msirudi kuchukua koti. Kiingereza kikikwama, sema "Swahili". Vituo vingi vina wakalimani kwa simu.

## Hatua ya 10: Baada ya mkaguzi kuondoka

Mkaguzi akikataa, usibishane. Muulize ni kifungu gani na umbali gani unatakiwa, aandike. Fundi wako atarekebisha kwa maandishi hayo, na wewe hutalipa mara mbili kwa maneno ya mdomo.

Massachusetts inataka kibao juu ya bomba linalotoka chini ya futi 7, kwenye kimo cha futi 8, kikisema bomba la gesi liko chini yake na lisizibwe. Hata kama jimbo lako halidai, weka. Ni kwa ajili ya mpangaji, mtoto wa jirani mwenye koleo, na fundi wa deki.

Kila dhoruba ya theluji, safisha futi 3 kuzunguka midomo yote miwili kabla ya kusafisha njia ya gari, na ukiikuta imezibwa zima tanuru kwanza. Tumia mikono au ufagio, maana koleo la chuma huvunja plastiki iliyopigwa na baridi. Kiangazi chungulia ndani kwa tochi, nyigu wanapenda bomba lisilowaka. Kata vichaka vinavyosogea. Na siku utakapobadilisha madirisha, kujenga deki au kufunga mashine mpya ya hewa, rudi na tepu kwenye hatua ya 4, kwa sababu vipimo vya zamani vilikuwa vya ukuta wa zamani.